Kijiji Kisichokuwa na Tatizo

Mimi ndiye niliyeandika kwamba kijiji cha mama yangu mdogo hakina tatizo la afya. Niliandika mwenyewe, kwa kidole changu, maana ilikuwa kwenye kishikwambi, nimekalia kiti pekee kilichokuwepo uani, nakunywa maziwa ya mgando ya wenye mji. Mama mdogo alikuwa amekaa chini, hatua tano kutoka nilipo, ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Waliokuwa wanajua habari hiyo ni wawili tu, yeye na jirani yake. Sasa nikijificha itanisaidia nini? Nasimulia, na atakayecheka acheke.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na mradi mmoja wa afya wenye ofisi Bariadi. Jina la mradi siandiki, kwa sababu ujinga ninaousimulia hapa mwingi ulikuwa wangu. Mradi ndio uliokuwa unaendesha kliniki ya mkoba: Landkruza moja, muuguzi mmoja mwanamke, maboksi ya dawa, na ile mizani ya kuning'iniza watoto. Mara moja kwa mwezi gari lilifika kwenye vijiji ambavyo havina zahanati. Wajawazito walipimwa, watoto walichanjwa, wazee wa presha walipewa vidonge vya kuwafikisha mwezi unaofuata. Halafu wafadhili wakapunguza mafuta, ikabidi vijiji vingine viachwe. Ili tusionekane tunaacha watu kwa upendeleo, ikaamuliwa tufanye utafiti. Kila kijiji kiulizwe matatizo yake. Chenye matatizo mengi kibaki na gari, chenye machache kisubiri.

Nikapangiwa upande wa Meatu kwa sababu, alisema mkuu wangu, mimi ni mwenyeji na lugha naijua. Weee! Kichwa kikavimba. Pale ofisini wengi walikuwa wametoka mikoa mingine, na nikijibu simu kwa Kisukuma waliniangalia kwa heshima. Hawakujua kwamba nilikuwa narudia maneno yaleyale kumi. Niliondoka kijijini baada ya darasa la saba, nikasoma Mwanza, nikasoma Dar, na Kisukuma kilichobaki kinatosha kuomba chumvi na kufukuza mbuzi. Lakini mtu akikuita mtaalamu, utamkatalia kwa kweli? Mimi sikumkatalia.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kupandia milima. Kama kuna mlima kule Bukundi nilikopangiwa, nionyesheni. Nilivaa na kofia pana, miwani ya jua, na kitambulisho kinaning'inia kifuani hadi usawa wa kitovu. Tuliposhuka kwenye gari katika kaya ya kwanza, mzee mmoja mfugaji aliyekuwa anatengeneza boma lake alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mtendaji wa kijiji kama mimi ndiye yule anayeuza dawa ya kupe. Mtendaji akamweleza kuwa mimi ni mtu wa afya ya binadamu. Mzee akasikitika waziwazi, maana dawa ya kupe ndiyo aliyokuwa anaihitaji.

Dodoso lenyewe lilikuwa refu. Swali la kwanza liliuliza kama, katika kipindi cha miezi mitatu iliyopita, kaya imekabiliwa na changamoto yoyote ya kiafya iliyohitaji huduma na huduma hiyo haikupatikana kwa wakati. Jaribu kuligeuza hilo kwa Kisukuma cha kuomba chumvi, juani, huku mtendaji anaangalia saa. Kaya mbili za kwanza nilihangaika nalo mpaka jasho likaingia machoni. Kaya ya tatu nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Nikalifupisha. Nikauliza, "Kaya mhola?"

Asiyejua Kisukuma nimsaidie. Mhola ni amani, ni uzima, na ndilo neno tunalosalimiana nalo. Ukiulizwa mhola, unajibu mhola duhu, yaani ni salama tu. Unajibu hivyo hata kama nyumba inaungua. Kisha mgeni anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, mnaulizana ng'ombe, mnaulizana mvua, mnakula kilichopo. Lile jambo lenyewe, lile zito, linatoka mgeni anapoondoka, mwenyeji akiwa anamsindikiza njiani, mnatembea sambamba na hamtazamani usoni. Haya yote nayajua tangu mtoto. Bibi alipofariki, mjomba alikuja nyumbani kutupa habari. Akaulizwa mhola, akajibu mhola duhu, akala ugali na mlenda, akasifia mlenda, na msiba akautoa wakati baba yupo naye nje ya boma akimsindikiza. Hakuna aliyemlaumu.

Mimi, niliyelelewa ndani ya desturi hiyo, nilipita kwenye miji ya watu nikiwasalimia, wakajibu salamu, nikaandika majibu yao kama matokeo ya utafiti. Kaya mhola? Mhola duhu. Hakuna tatizo. Kaya mhola? Mhola duhu. Hakuna tatizo. Kazi ikawa nyepesi jamani! Dereva akasema hajawahi kuona mtu anamaliza kaya haraka hivyo, nami nikamwambia ndiyo faida ya kujua lugha ya watu.

Na kila nilipomaliza, mwenye mji alikuwa anainuka. Wanawake walikuwa wanavuta khanga vizuri mabegani, wanakung'uta vumbi, wanajiandaa kunisindikiza. Nami kila mara niliwaambia wasijisumbue, nina gari. Nilidhani nawahurumia na jua. Mlango ukafungwa, kiyoyozi kikawashwa, nikawapungia mkono kupitia kwenye kioo.

Kwa mama mdogo tulifika saa sita mchana. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki nikiwa na miaka minne. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pamba yake, aliyoipalilia kwa mkono. Nilimsalimia kwa kupiga magoti kama inavyotakiwa, hilo sikulisahau, kisha nikaketi kwenye kiti, nikafungua kishikwambi, nikamuuliza na yeye. Mtendaji alikuwepo, dereva alikuwepo, na wanaume wawili wa jirani walikuwa wamekuja kushangaa gari. Akajibu mhola duhu. Nikabonyeza. Nilipoinuka, naye akainuka, akachukua na kandambili zake mlangoni. Nikamshika mabega, nikamwambia, "Mama, kaa tu upumzike, gari lipo hapa mlangoni." Akasimama na kandambili mkononi. Akasema haya, wabeja, asante mwanangu. Nikaondoka na debe la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyonipa.

Wiki mbili baadaye tukakutana ukumbini Bariadi kupokea matokeo. Mtaalamu wa kompyuta alikuwa ametengeneza ramani. Vijiji vyenye matatizo vilikuwa vyekundu, vyenye nafuu vya njano, visivyo na shida vya kijani. Kijiji cha mama mdogo kilikuwa kijani cha mpunga unaokua, hakuna kilichokifikia. Nikaombwa nieleze siri yake. Nami nikasimama! Nikashika kipaza sauti, nikazungumza juu ya ustahimilivu wa jamii, juu ya lishe ya asili, nikaitaja hadi michembe. Walipiga makofi. Nikapewa cheti, na cheti hicho nilikitundika sebuleni juu ya televisheni.

Kijiji chekundu kuliko vyote kilikuwa kimoja cha kando ya lami, chenye zahanati ambayo ukiwa stendi unaiona. Pale kuna wenye maduka, kuna mwalimu mstaafu, na diwani anaishi hapohapo. Walimpokea mtafiti wao wakiwa na orodha iliyochapwa tayari, ina nembo ya kijiji na muhuri. Waliandika dawa, wakaandika watumishi, wakaandika na rangi ya ukuta wa zahanati kwamba imebabuka. Siwalaumu hata kidogo. Walijua karatasi inapofika ofisini inasomwaje, wakaandika inavyosomwa. Upande wetu, mtu wa mwisho kulalamika kwenye mkutano wa kijiji aliulizwa ametumwa na nani, na baada ya hapo kila mkutano akawa anakaa nyuma kabisa. Mimi mwenyewe nilizunguka nyumba kwa nyumba na mtendaji ubavuni, halafu nikashangaa kwa furaha kwamba hakuna mwenye la kusema. Gari la mkoba likahamishiwa kando ya lami.

Miezi ikapita, sijui lolote. Pamba ilikuwa imefika magotini nilipochukua likizo fupi kwenda kumsalimia mama mdogo, safari hii bila gari la kazi. Basi hadi Mwanhuzi, kisha pikipiki. Mwenye pikipiki alinishusha akawahi zake, kwa hiyo siku ya kuondoka ilinibidi nitembee hadi barabara kubwa. Mama mdogo akachukua kandambili zake, tukatoka.

Tulipita mashamba mawili. Alikuwa amekonda, na mkono wa kushoto alikuwa anautembeza kwa uangalifu, lakini mimi nilikuwa nahangaika kutafuta mtandao kwenye simu. Tulipovuka korongo alianza kuzungumza akiangalia mbele. Alisema ana kitu kwenye titi. Kilianza kama punje ya choroko, sasa kimekuwa kama yai la kanga, na ngozi juu yake imejikunja. Alikuwa amepanga kumwonyesha yule muuguzi wa mkoba kwa sababu ni mwanamke mwenzake na ana mikono ya taratibu, na mwezi aliopata ujasiri wa kumwonyesha, gari halikuja. Mwezi uliofuata halikuja. Wakawa wanaambiana labda limeharibika.

Nikasimama njiani. Nikamuuliza, kwa hasira, maana mimi nikiogopa nakasirika, kwa nini hakuniambia siku ile nilipokuja kumuuliza.

"Ulikuja na gari, ng'wanone," akasema. "Ningekuambia saa ngapi?"

Ng'wanone ni mwanangu. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu vya mlimani. Nilikaa chini kwenye tuta la pamba nikalia kama mtoto aliyepoteza ng'ombe, na yule mwenye ugonjwa ndiye akawa ananibembeleza mimi mzima.

Jumatatu saa mbili kamili nilikuwa mezani kwa mkuu wangu. Nilimwambia ramani ni ya uongo na mwongo ni mimi. Nikamweleza habari ya salamu, nikamweleza habari ya kusindikiza. Alisikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema takwimu zimeshapelekwa, zimeshapitishwa, na haziwezi kufunguliwa hadi mzunguko ujao. Akazungusha kalamu. Akasema lakini kama ni mzazi wangu, hilo ni jambo la kibinadamu, Alhamisi gari lina nafasi. Mgonjwa mmoja na msindikizaji mmoja.

Kwenye semina zetu mimi ndiye niliyekuwa nafundisha kipindi cha usawa katika huduma. Nina picha nimeshika chati yenye neno haki kwa herufi kubwa. Naapa, mkuu hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshasema asante. Sikuuliza kuhusu kijiji kizima. Niliogopa nikiuliza sana ataiondoa na hiyo Alhamisi.

Alhamisi tulipokaribia mji wa mama mdogo, niliona wanawake wanne wamesimama kando ya njia. Walikuwa wameoga, wamejipaka mafuta, wamevaa khanga za kanisani, na kila mmoja ana kadi yake ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu kwamba gari linakuja, na wao wakadhani ni lile lao limerudi. Mmoja alikuwa jirani wa mama mdogo, yule aliyejua siri, ana mimba kubwa na miguu imevimba. Mkubwa wao kwa umri alikuwa bibi mmoja mrefu wa upande wa shule, mgonjwa wa presha. Alifungua mfuko wake taratibu akanionyesha kikopo cha vidonge. Kilikuwa kitupu na amekiosha.

Nilianza kueleza utaratibu. Ndiyo, nilisimama mbele ya wanawake wanne na mifuko yao ya nailoni nikaeleza utaratibu, mgonjwa mmoja, msindikizaji mmoja, nikatumia hata neno mwongozo. Mama mdogo, aliyekuwa ameshapanda gari, akanikatiza. Akasema msindikizaji wake ni huyu hapa, akamshika jirani mkono akamwingiza kwenye gari na tumbo lake, kabla sijapata neno la kupinga. Akasogea kumpisha nafasi, akatazama viti vya nyuma. Viti viwili vilikuwa vimewekewa maboksi. Ndani ya maboksi kulikuwa na vipeperushi vyetu vya haki ya mgonjwa, tulikuwa tunavipeleka Bariadi kutoka stoo ya Mwanhuzi. Akaniuliza kwa macho. Dereva naye alinitazama, akasema yeye hana neno, niamue mimi.

Sijui ni kitu gani kinamwingia mtu. Ruhusa yote ile ilikuwa ya upendeleo, nilikuwa nimeshavunja kila kitu kwa ajili ya mtu wangu, na bado nikaona nisivuke idadi. Niliogopa mkuu ataona. Nikamwita yule bibi mama kwa Kisukuma, nikamwambia, "Mayu, subiri. Gari litarudi kuwachukua." Akasema haya. Akafunga kikopo chake kwenye mfuko, akakaa na wenzake wawili kivulini mwa ukuta, kusubiri.

Bariadi walimpima mama mdogo siku hiyohiyo wakaandika rufaa, na kesho yake tukawa Mwanza. Jirani alipimwa naye, maana mama mdogo alimsukuma mbele ya kila daktari akisema huyu kwanza, na ikaonekana ana presha ya ujauzito. Akalazwa wodi ya karibu, vidonge vikamtuliza. Mama mdogo akafanyiwa upasuaji, titi lote likaondolewa. Daktari akasema tumechelewa lakini hatujachelewa sana, kuna matibabu ya kuendelea nayo na kuna matumaini. Niliposikia neno matumaini, nilimshukuru Mungu, nikaanza, bila aibu, kujiona nimeokoa mtu. Nilipiga picha nikiwa nimemshika mkono, nikaiweka kwenye kundi la ofisi. Wakanipongeza kwa moyo wangu.

Gari halikurudi kijijini. Niliomba mara moja kwa simu, nikaambiwa wiki ijayo. Sikupiga tena.

Siku ya nne tangu tutoke kijijini, jirani alikuja kitandani kwa mama mdogo akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka kuzungumza na mume wake. Hakuanza na mhola. Alisema yule bibi wa upande wa shule ameanguka shambani akipalilia, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, mdomo umepinda na hawezi kusema. Siku mbili za kwanza alikuwa anakwenda kila asubuhi kukaa pale kwenye ukuta na mfuko wake. Siku ya tatu ndiyo akaenda shambani.

Mama mdogo alinitazama. Alikuwa na bandeji kifuani na dripu mkononi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni wewe uliyemwambia asubiri."

Nikasema ndiyo.

"Na viti vilikuwepo."

Nikasema ndiyo, mama, vilikuwepo. Akageukia ukutani, polepole, kwa upande ule ule wenye kidonda. Siku tatu hakunisemesha. Uji wangu aliuacha ukapoa, akawa anakunywa ule aliopewa na jirani.